Ndevu za Bwana Harusi

Nywele za kwanza za Nassoro alizinyoa Mzee Boga, kinyozi wa kijiji cha Munje, siku ya saba tangu azaliwe. Ndevu za babake pia alizinyoa yeye, asubuhi ya harusi, mkekani, mbele ya watu. Basi mwaka ule wa 1964, siku ya harusi ya Nassoro mwenyewe, alipofika na wembe alioshinda akiunoa na kumkuta kijana kidevu laini, alipandwa na hasira.

"Shikamoo, Mzee."

Boga akamshika kidevu. "Nani amekunyoa?"

"Nimejinyoa kwa kimashine nilichonunua Diani. Tumepata uhuru, Mzee, mtu hujinyoa mwenyewe."

"Kwani mkoloni wako ni mimi? Kaa hapo!"

Nassoro akakaa. Boga akampaka povu mpaka likamwingia puani, kisha akampitisha wembe mashavuni hadi shingoni, asisaze mahali. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mamake, Mwanapili, akaja na leso kupokea ndevu za mwanawe akazifukie nyuma ya nyumba, kama desturi. Boga akaufuta wembe humo. Likabaki povu tupu.

"Haya," akamwambia, "kaufukie uhuru wa mwanao."