Mjerumani wa Ngarambe

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Nilitoka Kibiti na begi moja, nikarudi na stashahada, nikaongeza shahada kwa jasho langu, na sasa nasomea uzamili wa historia. Kwa hiyo kosa hili nimelifanya kwa elimu yangu yote.

Tasnifu yangu inahusu utawala wa Wajerumani. Kule Ngarambe nilimkuta Bi Mwanahawa, nikamuuliza kama anamjua Mjerumani.

"Nisimjue! Kabomoa ghala letu, katumalizia mahindi. Ukimpigia madebe anakutazama tu."

"Yukoje, bibi?"

"Mkubwa huyo! Na jino moja."

Nikaandika: afisa katili, aliyepoteza meno vitani. Aliposema walimfukuza kwa moshi wa pilipili nilitatizika kidogo, lakini nikauita silaha ya wazalendo. Sura nzima ikajaa.

Wiki iliyopita msimamizi wangu akaja kuhakiki, maana bila saini yake sura haipiti. Akamuuliza bibi, "Mama, haya ulisimuliwa na nani?"

"Kusimuliwa? Jana kapita hapa!" Bibi akatuonyesha nyayo nyuma ya jiko, kila moja pana kama sinia. "Tembo yule ana ubabe, ndiyo maana tukamwita Mjerumani."

Nilizitazama zile nyayo nikitafuta alama ya buti.

"Kwani mjukuu wangu," bibi akaniuliza, "wewe uliandika nani?"

Kabla sijajibu, msimamizi alishafungua sura yangu, akaanza kumsomea kwa sauti.