Wameamka kwenye Kisahani

Wifi yangu tunamwita Darubini, na si kwa sababu ya kazi yake ya maabara tu. Chuya moja kwenye sinia la wali ataiona kabla hajaketi. Nimeolewa na kaka yake, macho hayo nimeyavumilia miaka mingi, kwa hiyo nikisema nampenda mjue nimepima.

Kazini analisha seli. Zinakaa kwenye visahani vya plastiki, ndani ya kabati lenye joto la mwili, na hazijui sikukuu: sisi tukikaa kula, yeye anakwenda kulisha. Visahani vingine vina saratani ya mapafu. Vingine vina seli za kinga, ambazo yeye huziita askari. Saratani ni laghai, huwabembeleza askari mpaka wakalala. Pale kazini walikuwa wakijaribu kiini kilichochujwa kutoka mzizi mmoja wa tiba ya Kichina, waone kama kitawaamsha.

Jioni moja aliingia kwetu hata viatu hajavua. "Wameamka! Mzizi umefanya kazi!"

Mume wangu, ambaye mapafu yake ndiyo yanayougua, hakusikia lingine. Akanunua mizizi, akawa anachemsha na kunywa, na siku ya dripu yake ya dawa ya saratani hospitalini ilipofika akaniambia imeahirishwa. Mfa maji haachi kutapatapa. Nami, mjinga, nikamwamini.

Pua ya Darubini ndiyo iliyomuumbua. Aliingia jikoni, akafunua sufuria, akainusa. Kisha akamgeukia mume wangu, aliyekuwa ameketi karibu na jiko.

"Kaka, dripu umeacha?"

"Si wewe uliyesema umefanya kazi?"

"Kwenye kisahani, kaka. Kisahani hakina ini, hakina figo. Na tulichotumia sisi si hiki cha sufuria."

"Lakini ile si saratani ya mtu?"

"Ya mtu, ndiyo."

"Basi. Huyo mtu anaendeleaje?"

Hapo wifi yangu, mwenye jibu la kila kitu, akavuta kigoda akakaa. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Alishakufa, kaka. Zamani, kabla hata sijaajiriwa. Ninachokilisha ni saratani yake."

Nilitamani kumziba mdomo. Mume wangu aliitazama sufuria ikitoa mvuke, kisha akainuka akazima jiko mwenyewe.

"Dada," akasema, "nisindikize hospitali. Naogopa watanigombeza."