Minyoo ya Mheshimiwa

Mama mdogo Masika wa Mgogoni hakuwa na mume wala ng'ombe. Alikuwa na punda, akamwita Mheshimiwa kwa sababu anakula sana na kazi mpaka abembelezwe. Punda huyo ndiye aliyembebea mihogo kwenda sokoni, na sokoni ndiko kulikotoka mchele na sukari ya nyumba nzima. Basi alipoanza kukonda, tumbo likaning'inia na kutwa akawa anajisugua mkia kwenye mnazi, mama mdogo alikosa raha kabisa.

Bwana mifugo alimpa chupa ya dawa ya minyoo. "Mnyweshe upesi, Bi Masika, huyu keshadhoofu."

Alijaribu peke yake. Mheshimiwa akaitema, ikaishia kwenye kanga mpya ya mama mdogo, nami nilicheka mpaka nikafukuzwa uani. Ikabaki dawa ya kunywesha mara moja tu.

Wa kumshika punda yule alikuwa mmoja: jirani yetu Mbarouk, aliyemlea tangu yu kitoto kabla ya kutuuzia. Lakini Mbarouk alikuwa chama kile, sisi chama hiki, na tangu uchaguzi wa tisini na tano tulikuwa tumesusiana. Hakuna salamu, hakuna kuingiliana dukani, hata maziko kila watu na yao. Ujinga mtupu, nasema mimi, ila siku zile ukiitwa msimamo.

Mama mdogo akamvuta punda hadi mpakani mwa shamba la Mbarouk, akapaza sauti: "Mheshimiwa weye, utakufa hivi hivi kwa kukosa ntu wa kukushika!"

Mbarouk alikuwa akipalilia. Akaweka jembe chini, akaja, akamkamata punda taya, akamwinua kichwa.

"Mheshimiwa," akasema, "nwambie huyo anokupa dawa aitie pembeni, pale pasipo meno."

"Mheshimiwa, nwambie kwani mie kipofu?"

"Mheshimiwa, nwambie polepole, utapaliwa."

Masikini punda, akawa mkalimani mpaka chupa ikaisha. Mbarouk akampapasa shingo, akarudi kwenye jembe lake bila kumtazama mama mdogo.

Asubuhi nikasikia ukelele bandani. Nikajua punda kafa. Nilikimbia, nikamkuta mama mdogo ameinamia kinyesi, machozi ya furaha yanamtiririka. Minyoo tele! Na Mheshimiwa anatafuna majani kwa pupa.

"Mbarouk!" mama mdogo akaita kwa nguvu zake zote. "Mbarouk, njoo uone, imetoka!"

Wapita njia wakasimama, wa chama hiki na wa chama kile. Mbarouk akaja mbio, akakitazama kinyesi kwa heshima zote, kisha akamgeukia mwenye punda.

"Waalaykumu salaam, Bi Masika."

Mama mdogo alikuwa hajamsalimia. Akajifunika uso kwa mtandio, akacheka mpaka mabega yakamtikisika. Halafu akaufunua, akaanza upya mbele ya watu wote.

"Asalaam alaykum, Mbarouk."