Vidole vya Dada Msusi

Dada yangu ni msusi, na mdomo anao. Zaidi ya miaka ishirini yuko kwenye saluni ile ile ya chumba kimoja, kioo kimepasuka pembeni, viti viwili vya plastiki, naye katikati anasuka huku anasengenya. Mimi mdogo wake huosha vichwa. Akinisuka mimi, kwanza kidole gumba chake hutafuta kovu nyuma ya sikio langu la kushoto, pale aliponiangusha nikiwa mchanga, kisha husema, "Pole, mdogo wangu." Ndipo huanza kuchana.

Ana kisukari, mwaka wa tisa sasa. Vidonge vyake vya metformin hakosi hata siku moja. Basi nyayo zilipoanza kumwaka moto na vidole vya mikono kufa ganzi, mimi mjuaji nikatoa hukumu: "Sukari imepanda hiyo! Kuanzia leo nyama marufuku, mayai marufuku, maziwa usiyaguse!" Nani aliniuliza? Lakini alinisikiliza, akala majani kama mbuzi mwaka mzima.

Ganzi ikazidi. Nywele asizozihisi, alizivuta. Wateja wakapiga kelele: "Dada, utaning'oa ubongo!" Naye: "Wasichana wa siku hizi mmezidi kudeka! Tulia!" Wakambandika jina, Winchi. Mungu anisamehe, hata mimi nilicheka. Mpaka siku mteja wake wa tangu zamani alipoinuka kichwa kikiwa nusu, akajifunga kitambaa, akaondoka bila kuaga. Dada akakaa kwenye kile kiti cha mteja, akaitazama mikono yake.

"Sizisikii nywele," akasema. "Nitaishije?"

Kliniki wakampima damu. Sukari ilikuwa sawa. Kilichopungua sana ni vitamini B12.

"Vidonge hivi, ukivitumia miaka mingi, vinaweza kuuzuia mwili usiipate ya kutosha," daktari akasema. "Usiviache, ila tutakuchoma sindano. Nyama unakula? Mayai?"

Dada akanitazama.

"Mishipa ya fahamu hupona polepole," daktari akaongeza. "Mingine haiponi."

Huu ni mwezi wa nne wa sindano. Miguu haimwaki tena. Jana asubuhi, kabla ya wateja, akanivutia kiti.

"Njoo nijaribu kwako. Wewe hata ukilia huna pa kwenda."

Gumba likaja nyuma ya sikio. Likapita. Likarudi, likapita tena. Nikajikaza nisigeuke.

"Liko wapi?" akauliza, sauti imemwisha.

Nikakishika kile kidole, nikakiweka juu ya kovu, nikakibonyeza.

"Hapa?"

"Hapo hapo, dada."

"Pole, mdogo wangu," akasema, akaanza kuchana.

Machozi yakanitoka, na hata alikuwa hajavuta. Pole yangu mimi, niliyemkataza mayai, bado sijaitamka.