Aliyewasikiliza Wasiomjua

Wapelelezi walimwita Mama Masikio, ingawa hakuwahi kuzaa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akikaa katika chumba kisicho na dirisha, hedifoni kichwani, akisikiliza simu za watu walioshukiwa kwa ugaidi na kuandika walichosema. Kanuni ya kazi ile ilikuwa moja tu: andika maneno, kelele achana nazo. Yeye aliandika na kelele. Bomba linavuja. Mtu anatafuna. Mtoto analia chumba cha pili.

"Mama Masikio, umeandika hata birika la chai!" mpelelezi mmoja mnene alimtania. "Na nzi je, yeye alisemaje?"

"Nzi hakuwa na la maana. Kama wewe tu."

Walicheka, wakaondoka na makaratasi yao. Mlango ulipofungwa, alibaki na watu wasiojua kwamba yupo duniani.

Miezi tisa ya mwisho mtu wake alikuwa fundi wa friji, kijana mwenye sauti nyembamba. Alimjua kwa pumzi. Alijua anavyokohoa kabla ya kusema uongo, na anavyolainika mama yake anapompigia. "Umekula, mwanangu?" mama yule alikuwa akiuliza, na Mama Masikio, ambaye mama yake alifariki mwaka uliotangulia, alijikuta akitikisa kichwa kuitikia. Hakumwambia mtu. Wala hakujidanganya: sauti ileile ndiyo iliyowaahidi wenzake kwamba siku ikifika watu watazikwa kwa makundi.

Siku ikafika, Jumatatu. Alfajiri nyumba ya fundi ilivamiwa na askari, wakakuta kitanda kimetandikwa na mwenyewe hayupo. Saa tatu na dakika tano asubuhi alipiga simu ya sekunde kumi na mbili.

"Nimefika. Watu wamejaa. Saa nne kamili."

Simu ikazimwa kabla mitambo haijajua ilipotoka. Mkuu wa kikosi, mtu mkavu asiyejua kupaza sauti, akatuma askari wote stesheni ya treni. Treni kubwa iliingia saa nne. Kwingine kungekuwa wapi?

Mama Masikio akairudia simu ile. Mara ya nne akaacha kuyasikiliza maneno. Nyuma ya maneno hayo mlango wa chuma ulijifunga, ukagoma, ukafunguka, ukajifunga tena. Halafu kofi, pa! Ndipo lifti ikaguna na kupanda.

Kofi kama lile alikuwa amelipiga kwa kiganja chake mwenyewe, siku arobaini na tatu mfululizo, nguo safi za mama yake zikiwa kwapani. Mlango ule haukufungika bila kupigwa. Wauguzi ndio waliomfundisha. Tangu siku ya maziko hakukanyaga tena pale.

Akatoka mbio. "Mkuu, yuko hospitali kuu. Jengo la zamani, chini, karibu na lifti."

"Amesema hospitali?"

"Hakusema. Nimeisikia lifti."

"Mama, mji mzima una lifti," alisema yule mnene, safari hii bila utani.

"Ya kupigwa kofi ni moja."

Mkuu alitazama saa. Tatu na ishirini na mbili. "Nikiwatoa watu stesheni, na wewe ukawa umekosea, unajua kitakachotokea?"

"Najua."

"Una uhakika?"

Mama Masikio hakuwa na mwingine wa kumuuliza. "Mama yangu alifia ghorofa ya tatu pale," alisema. "Nina uhakika."

Mkuu akashika redio. "Wote hospitali kuu. Stesheni wabaki wanne."

Mama Masikio alirudi kitini kwake akavaa hedifoni, ingawa hakukuwa na cha kusikiliza. Aliwaza stesheni: mabenchi, mizigo, watoto waliolala mapajani mwa mama zao. Kama sikio limemdanganya, wale ndio aliowanyang'anya walinzi.

Saa tatu na dakika hamsini redio ikakoroma. "Tumemkamata. Alikuwa benchi la lifti, begi liko miguuni kwake. Hakuna aliyeumia."

Ofisini kukalipuka vifijo. Wapelelezi walikumbatiana, kisha kila mmoja akatafuta pembe yake na simu sikioni: mke wangu, mwanangu, kaka, nipo, tumemaliza. Mama Masikio naye akatoa simu yake. Akapitia majina yote, taratibu, mpaka la mwisho. Akairudisha mkobani.

Mchana mkuu alimwita. "Kagoma kusema. Nataka uithibitishe sauti, utie saini. Akitoa neno lolote, inatosha."

Kwenye chumba cha mahojiano alikuta kijana mwembamba kuliko alivyomfikiria, pingu zikimpwaya. Kijana aliinua uso, akaona mwanamke mwenye mvi na faili mkononi. Malezi yakamponyoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu, kabla hajaweza kujizuia. Miezi tisa alikuwa amezisikia salamu zake zote, na hii ndiyo ya kwanza kupewa yeye.

"Ndiye?" mkuu aliuliza.

Alifungua faili.

"Ndiye."

Fundi alimkazia macho kama mtu anayetafuta jina lililompotea. "Kwani tunajuana, mama?"

"Hatujuani," alisema Mama Masikio, akainama kutia saini, akiwa amempa mgongo.