Kahawa ya Milimani kwenye Joto la Nachingwea

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri, maana nataka kukueleza jambo linalotendeka kimyakimya ndani ya chungu kilichofunikwa. Nililijua mwanzoni mwa ndoa yangu, pale Nachingwea, miaka ya hamsini, wakati matrekta ya mradi wa karanga yalipokuwa yamepunguza kelele na mchana ukarudi kuwa mrefu.

Mume wangu, dereva wa trekta, alitoka Umatengo, kwenye milima ya kahawa upande wa Songea. Alikuja na mbegu mfukoni akazipanda nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha mikorosho. Mikahawa ilikua minyonge, lakini ilizaa. Matunda ya kwanza yalipoanza kuiva, mama yake alikuja kututembelea. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, na mama yangu mzazi, kule Nambilanje, alikuwa ameshafariki. Nilitamani sana mama mkwe abaki hadi nijifungue. Yeye alitamani lori la kurudi Songea.

“Nchi gani hii, hata kivuli kinachoma,” alisema, akijipepea kwa pindo la khanga. “Na kahawa yenu ya dukani inanuka gunia.”

“Ngoja basi, mama, unywe ya kwangu,” mume wangu akamwambia.

“Nitakunywa hiyo, kisha napanda lori.”

Tulichuma yaliyoiva. Hatukuwa na mashine ya kumenyea, kwa hiyo tuliyatwanga polepole kwenye kinu, maganda yakatoka, zikabaki mbegu zenye ute. Ute ule hung'ang'ania. Maji peke yake hayautoi. Lazima mbegu zikae chunguni hadi zichachuke. Mama mkwe akafunika chungu, akasema tutaosha keshokutwa, kama kwao.

Sasa sikiliza kinachotokea humo. Ute una sukari. Vijidudu visivyoonekana kwa macho huila sukari hiyo na kuigeuza kuwa uchachu, na ute hulegea ukaiachia mbegu. Uchachu kidogo huipa kahawa ladha safi, iliyochangamka. Ukizidi, hupenya ndani ya mbegu, na hapo hata ukaange namna gani hautoki. Milimani kuna baridi, vijidudu hufanya kazi taratibu. Kwetu vinakimbia.

Siku ya tatu tulipofunua chungu, harufu kali ilitupiga usoni. Hata hivyo mama mkwe aliziosha mbegu, akazianika hadi zikakauka, akazikoboa, akazikaanga, akazitwanga, akachemsha. Akaonja, akatema.

“Siki,” akasema. Akamwaga iliyobaki kikombeni, kisha akaongeza, “Mwambie mumeo aniulizie lori.”

Mchana ule nilijilaza mkekani. Joto lilikuwa limetulia juu ya paa, na kati ya usingizi na macho nilimwona mama yangu kando ya kijito, ameinama kwenye mihogo aliyoiloweka. Aliminya kipande, akanusa vidole, akatabasamu. Sikumbuki kama aliwahi kuuliza imelala siku ngapi. Nikaamka.

Mikahawa ilikuwa na matunda mengine, yaliyochelewa, na sasa yalikuwa yameiva.

“Mama,” nikamwambia, “sisi tukiloweka mihogo hatungoji siku. Tunaingiza mkono.”

“Mihogo! Mwanangu, unataka kunifundisha kahawa kwa mihogo?”

“Naona ninyi wa milimani mnadhani hata jua la huku litawasubiri.”

Alinitazama, kisha akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu afike.

Tukachuma tena, tukatwanga, tukafunika jioni. Asubuhi tuliketi karibu na chungu kama watu wanaomwangalia mtoto aliyelala. Harufu ilikuwa ya matunda yaliyoiva sana, tamu, ya kulevya kidogo. Mama mkwe akaingiza mkono. “Bado zinateleza.” Jua lilipopanda akaingiza tena, akasugua mbegu chache kiganjani, akazisogeza sikioni. Zilikwaruza kama changarawe.

“Kwetu zingekuwa bado zimelala,” akanong'ona. “Lete maji, haraka!”

Lori la Songea lilipita mbegu zikiwa bado juani. Hakulipanda. “Nani atazigeuza?” aliniuliza. “Wewe, na tumbo hilo?”

Siku tulipozikaanga, moshi wake mwembamba ulizunguka uani. Mama mkwe alikunywa akiwa amefumba macho, na mimi niliyatazama macho yale kuliko kikombe.

“Si ya kwetu,” akasema mwishowe. “Ya kwetu inauma zaidi ulimini. Hii ni ya hapa. Nimiminie nyingine.”

Hakutaja lori tena. Mwanangu alipozaliwa, yeye ndiye aliyempokea.

Nawe ukivuna kahawa yako, popote ulipo, usihesabu siku za mahali pengine. Sugua mbegu chache kiganjani tangu asubuhi ya kwanza. Zikikwaruza, zioshe saa ileile hadi maji yatoke maangavu, zitandaze juu ya jamvi, na uzigeuze mara kwa mara hadi zikauke.