Likizo ya Baba wa Njiwa

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikianza kusimulia sitaki kukatizwa. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, mtumishi wa serikali pale kwenye ofisi za wizara, Mtumba, niliomba likizo ya mzazi kwa ajili ya njiwa, na nikaipata.

Nimepanga nyumba mtaa wa Kikuyu, peke yangu (mke wangu Tabita anafundisha Singida, tunaonana mwisho wa mwezi), na upweke ulinifanya nifuge njiwa wawili, jike na dume, kwenye boksi chini ya paa. Jumapili moja kipanga akashuka akambeba jike huku naona, dume akahamia kwa jirani jioni ile ile bila kuaga, na ndani ya boksi nikakuta kinda mmoja, hana manyoya ya maana, amefumba macho, anatetemeka. Sijawahi kuona kiumbe mwenye sura mbaya kiasi kile. Nilimpenda papo hapo.

Nikanunua chupa ya mtoto duka la dawa, nikapanua tundu la chuchu yake, nikakoroga uji mwepesi wa ulezi, naye akachomeka mdomo wote humo akanyonya. Shida ni kwamba alitaka kula kila baada ya saa mbili tatu, na Mtumba ni mbali. Nikimwacha atakufa, nikienda naye ofisini nitachekwa, na nilikuwa bado kwenye majaribio, sijathibitishwa kazini, kwa hiyo kuomba ruhusa kwa sababu ya ndege sikuthubutu. Jumatatu nikamlisha alfajiri, nikaenda moja kwa moja kwa bosi wangu, Mama Ndahani.

"Shikamoo mama. Mke wangu amejifungua."

"Marahaba! Na hukutuambia hata kama ni mjamzito!"

"Tuliogopa vijicho, mama."

Akanipa fomu palepale. Kwenye jina la mtoto nikaandika Baraka, kwenye jinsi nikaandika mwanamume (kwa kweli sikuwa na uhakika), akasaini, akagonga mhuri, na saa nne nilikuwa nyumbani nanyonyesha.

Nilichosahau, na hapa ndipo ninapojiona mjinga mpaka leo, ni kwamba ofisini kwetu mtu akipata mtoto haachwi hivi hivi. Jumatano mchana nikasikia hodi ya watu wengi. Mama Ndahani mbele, nyuma yake akina mama watano wa idara yetu, na beseni jipya, doti mbili za khanga, sabuni za mtoto, unga wa uji wa mzazi na pilipili manga yake. Wakaketi. Mama Ndahani akasema tumshukuru Mungu kwanza, akamwombea Baraka kwa jina, akue, asome, awatunze wazazi wake, na mimi nimefumba macho naitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Haya, mama mtoto yuko wapi tumpe hongera?"

"Ametoka kidogo."

"Ametoka? Na ana siku tatu tu!"

Wakatazamana. (Sijui kwa nini sikusema amelala.)

Baraka naye akaanza kulia njaa kule chumbani, kilio chembamba cha miluzi, na Mama Ndahani, aliyelea watoto sita, hakungoja ruhusa. Aliingia, akatoka amebeba beseni langu la zamani lenye khanga ya Tabita ndani, akaifunua mbele ya wote. Niliona aibu ambayo sijaiona tena, nikatamani kipanga arudi anichukue na mimi.

"Huyu ndiye Baraka?"

"Ndiye, mama."

"Na mama yake?"

"Alichukuliwa na kipanga."

Mmoja wa akina mama akatoka nje, nikamsikia akicheka mpaka anakohoa. Mama Ndahani hakucheka. Alimtazama yule kinda, akaagiza uji uletwe, akaugusa kwa kidole, akasema umepoa mno, utamuua, nenda kapashe (kumbe alikulia Kongwa, kwao walifuga njiwa). Akamlisha mwenyewe mpaka akashiba. Nikashusha pumzi, nikadhani yameisha.

Kesho yake nilipewa barua inayonitaka nijieleze kwa maandishi, na majaribio yangu yakaongezwa miezi sita. Zawadi nilizirudisha ofisini wakazikataa, eti zawadi ya mtoto hairudishwi, na kila asubuhi wananiuliza mbele ya wageni, "Baraka hajambo?" Hajambo. Siku hizi anaruka, jioni anarudi kula mkononi mwangu.

Nimeapa sitamdanganya tena mama yule, hata kuhusu foleni. Ila mwezi uliopita Tabita alinipigia kuniambia ana ujauzito, wa kweli, nikafurahi mpaka nikalia, halafu nikaikumbuka fomu. Safari hii nilikwenda mapema, na picha ya mimba kutoka hospitali mkononi. Mama Ndahani akaitazama, akaigeuza, akaisogeza dirishani akaitazama tena.

"Akizaliwa nitakuja kumwona kwanza," akasema, "ndipo nisaini."

Najua atakuja. Nimeshamwambia Tabita siku hiyo asitoke nyumbani.